Diski ikijaa: NFS, Gluster au Ceph, ipi inasema ukweli?

seva_kiporo: Wakuu heshima kwenu. Juzi usiku skripti ya bakapu imeandika kwenye NFS (folda ya seva tunayoifikia kwa mtandao), ikamaliza bila kulalamika, asubuhi nacheki faili lipo, jina zuri kabisa, saizi sifuri 😭 df, ile komandi ya kuonyesha nafasi ya diski, inasema 100%. Nataka kuhamia mfumo unaounganisha diski za seva nyingi. Gluster au Ceph?

mzee_wa_mount: NFS haijakudanganya, skripti yako ndo haikuuliza. Klaienti inaweka data kwenye ram kwanza, write inakujibu poa, halafu ile ENOSPC (kosa la nafasi kuisha) inakuja kwenye fsync (kulazimisha data ifike diski) au close (kufunga faili), na programu kibao zinaita close zinaondoka bila hata kugeuka nyuma. Kama unakopi kwa komandi ya dd weka conv=fsync. Na kama pande zote mko NFS 4.2 piga fallocate (kutenga nafasi ya faili) kwanza, nafasi ikikosekana unajua kabla hujaanza.

binti_klasta: Gluster niliishi nayo, sitaki kukumbuka. Bila sharding (kukata faili vipande) faili zima linakaa kwenye diski moja, kwahiyo df inakuonyesha tera 6 zipo wazi na bado unaambiwa nafasi imeisha, maana diski ya faili LAKO ndo imejaa. Ile min-free-disk ya 10%, yaani kiwango cha chini cha nafasi wazi, inahamisha mafaili mapya tu, logi inayoendelea kunenepa inabaki palepale. Halafu Red Hat wenyewe walifunga sapoti ya toleo lao mwisho wa 2024.

pakacha: Ceph haifichi ila ina roho mbaya. OSD (diski moja moja ndani ya Ceph) ikifika 85% inapiga kelele, 90% inagoma kuhamishia data kwenye hiyo OSD, 95% kwenye OSD MOJA tu uandishi unasimama. Unafuta faili, nafasi hairudi saa hiyo hiyo maana MDS (seva inayotunza majina ya mafaili) inasafisha taratibu. Dawa ya dharura set-full-ratio 0.97 (kusogeza kile kikomo cha 95% mpaka 97%), ukishapumua urudishe. Na kama una nodi (seva) tatu zenye diski mbili mbili, diski moja ikifa data yake inamkimbilia mwenzake wa nodi ile ile, kama zote zilikuwa 60% imekula kwako.

mzee_wa_mount: Kabla ya kuhama kaka, ls -la, kuna mafaili yanaanza na .nfs? Hayo ni mafaili yaliyofutwa huku programu bado imeyafungua.

seva_kiporo: Duh. Yapo, giga 210! Kuna prosesi ilikuwa imeshikilia logi niliyofuta mwezi uliopita. Nimeiua, df imeshuka mpaka 71%. fsync nimeweka pia. Ceph tutaongea bajeti ikitoka.