Naomba ushauri: ubao wa tezi umeoza, injini ya 40 hp

Salaam wakubwa kwa wadogo. Boti ni ya faiba, futi 21, inatoka Kasenyi kwenda visiwani Kalangala, Ziwa Victoria upande wa Uganda. Ubao wa tezi (nyuma ya boti, inapofungwa injini) ulio ndani ya faiba umeoza. Maji yalipitia matundu ya bolti za chini, ambayo yalitobolewa na kuachwa bila kuzibwa. Ukigonga kwa nyundo, sauti ni butu kuanzia matundu hayo hadi chini, na injini ikiongezewa moto tezi inacheza.

Nimekata faiba ya ndani, nikabakiza ya nje, na kutoa mbao zote mbovu. Sasa pamekauka. Nakusudia kubandika plaiwudi mbili za milimita 18 kwa gundi ya epoksi, nifunike kwa faiba, kisha matundu mapya niyatoboe makubwa, niyajaze epoksi na kuyatoboa tena kwa kipimo cha bolti, ili maji yasiguse mbao kamwe. Kuziba kwa silikoni peke yake sikuamini.

Fundi mmoja anasema niweke mvule badala ya plaiwudi. Ni mbao ngumu, sikatai, ila nahofia ina mafuta yanayokataa gundi, na ubao mzima hupasuka kufuata nyuzi. Kuna aliyeutumia ndani ya faiba ukadumu?

La pili: tezi ina kimo cha inchi 19, injini ni ya shafti ndefu, inchi 20. Bamba la juu ya propela litashuka inchi moja chini ya kitako cha boti. Niinue tezi, au kwa mawimbi ya huku niache hivyo?