Tupeane uzoefu: mgonjwa wa presha asiyetaka dawa mnamfanyaje?

Kitinda wa Igoma: Wakuu, nimekuta vidonge vya mama vya mwezi mzima kwenye kopo la majani ya chai, hajagusa. Eti kichwa hakimuumi, anywe ya nini?

Dagaa Mchele: Ni walewale. Wangu anavikumbuka kliniki ikikaribia, ili kipimo kisome vizuri.

Mjukuu wa Sengerema: Umenikumbusha mbali. Tuko kwenye kivuko tunatoka Kamanga kuja mjini, mzee anapiga stori za pamba enzi za ushirika. Mara soda ikamponyoka. Namwambia baba okota, ananitazama tu, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umelegea. Mmoja anammwagia maji, mwingine kaja na asali. Na kivuko hakikimbii jamani! Hospitali wakasoma 210 kwa 120. Kupekua koti, pakiti ya amlodipini, dawa yake ya presha, imetoboliwa kidonge kimoja. Kumbe ilimvimbisha miguu, akaacha kimyakimya. Yupo, ila ugali anakulia kushoto.

Mama Kayabo: Pole mno. Asali mlimpa?

Mjukuu wa Sengerema: Nilikataa. Hata mate yalimshinda kumeza.

Mzizi Mkavu: Vidonge vinaua figo. Rozela na kitunguu saumu, baba yangu kapona kabisa.

Nesi Mstaafu: Kapona kwa kipimo kipi? Presha isiyotibiwa ndiyo inayoua figo. Miguu ikivimba, au kikohozi kikavu kwa wanaotumia kaptoprili, rudi ubadilishiwe. Dawa ziko aina nyingi.

Mzizi Mkavu: Unalipwa kwa kila kidonge nini?

Karabai: Muacheni nesi. Sisi wa dagaa, "asubuhi" ya daktari ndiyo saa ya kulala. Na ile ya kukojoza, ndani ya mtumbwi ni mateso.

Nesi Mstaafu: Waeleze kliniki unafanya kazi usiku, wakupangie saa. Usiiache.

Dagaa Mchele: Mama wa Igoma awekewe dawa pembeni ya mswaki. Na kayabo, yaani samaki wa chumvi, apunguze.

Mama Kayabo: Mnataka tufe njaa sasa.

Bwana Nyegezi: Semeni ukweli, wazee wengi wanaacha kwa ajili ya mambo ya chumbani.

Mzizi Mkavu: Hapo sasa!

Nesi Mstaafu: Hilo nalo linasemwa kwa daktari, si kijiweni.

Bwana Nyegezi: Nesi, nakuja inboksi. Namuulizia jirani.