Kupunguza zana za uvuvi uzeeni: kuuza kwa mkupuo, kimoja kimoja, au kuziweka kwenye mgao?

Mzee_Sahare
Assalaam aleikum wanajukwaa. Nimefikisha miaka 68 na magoti hayaniruhusu tena kusukuma chombo maji yakitoka. Mshipi na dema (mtego wa kufuma) nitaendelea navyo hapa karibu, hivyo siviuzi. Ila stoo imejaa: mashine ya Yamaha Enduro ya nguvu 15, mashua ndogo ya mbao, jarife mbili (nyavu za kutega za macho makubwa), nyavu za dagaa na taa zake, nanga, makamba, maboya. Watoto wako Dar es Salaam na hakuna anayeitaka bahari.

Naona njia tatu. Kumpa mtu mmoja vyote kwa bei ya jumla nimalize. Kuuza kimoja kimoja. Au kumkabidhi nahodha kijana avulie, nami nipokee fungu langu la mapato ya samaki, yaani mgao wa chombo na wa mashine. Nipeni mawazo, hasa mliopitia.

FundiMashine_Ngamiani
Shikamoo mzee. Naomba nisemee mashine peke yake. Usiichanganye na mzigo mwingine. Anayenunua vyote kwa mkupuo huitumia mashine kuangusha bei ya nyavu, na nyavu kuangusha bei ya mashine, mwisho unapoteza kotekote.

Halafu usiilaze. Chumvi iliyobaki kwenye njia za maji inaganda, raba ya pampu inakauka, na petroli yenye oili ikikaa kwenye kabureta inaacha utando mzito. Kabla hujamwita mteja, itumbukize kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi, iwashe, uangalie ule mchirizi wa maji pembeni kama unatoka kwa nguvu. Fungua oili ya gia pia. Ikiwa nyeupe, sili imeruhusu maji, na hapo ama utengeneze ama umwambie mteja wazi. Mteja akifika, pimeni kompresheni ya silinda zote mbili akiwa anaona. Vipimo vikikaribiana hana tena la kukushushia bei.

Mama_Mnadani
Marahaba kwa wadogo, shikamoo kwa mzee. Mimi nanunua samaki pale soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, na mgao nauona kila siku. Mgao unamfaa mwenye chombo anayeweza kuwepo samaki wanaposhushwa. Chombo kikirudi alfajiri, anayejua kilichoingia ni aliyesimama pale. Atakayebaki nyumbani akisubiri simu ataambiwa mafuta yalikuwa mengi na samaki wachache, na huenda ni kweli kabisa, lakini hatakuwa na njia ya kujua. Urafiki wa miaka unavunjikia hapo.

Tena kusi ikikaza vyombo vinalala, ila ubao uliooza haungoji kaskazi. Gharama hiyo ni ya mwenye chombo. Baba, kwa magoti hayo, mgao ni kazi nyingine umeajiriwa. Mimi nakukataza.

Nahodha_Kigombe
Mama, heshima yako, lakini sisi vijana tutanunua kwa fedha gani? Fedha taslimu ya mashine na chombo kwa pamoja wanayo matajiri, na tajiri akinunua sisi tunabaki mabaharia wake. Ipo njia ya nne ambayo mzee hakuitaja: amuuzie nahodha anayemfahamu, kwa malipo ya kila bamvua (maji makubwa) au kila giza la mwezi, kwa maandishi, na mashine ibaki mali ya mzee mpaka deni liishe.

Kuhusu jarife, mzee, chagua mtu. Huku kwetu majarife yanayotegwa kwenye kina kirefu ndiyo yamekuwa yakinasa silikanti, yule samaki adimu wa kale, tangu 2004, na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilitangazwa 2009. Samaki yule hata akirudishwa majini mara nyingi haponi. Hizo mbili ningemwuzia anayejua wapi pa kutega na wapi si pa kutega, hata kama anatoa pungufu.

Pwani_Bagamoyo
Nakubaliana na Nahodha kwenye jarife, sikubaliani kwenye mkopo wa vyote. Mashua ya mbao haivumilii kungoja. Ikikaa juu mbao zinakauka, mwanya unafunguka, kalafati (pamba ya kuziba mianya) inatoka, na mteja akiona mwanga kupitia ubavuni anakuwa amekwisha kupanga bei yake. Huku Bagamoyo tunaiuza ikiwa majini, au angalau imetiwa kalafati upya na kupakwa deheni, yale mafuta ya kuzuia maji. Kama huna nguvu ya kuihudumia, hiyo ndiyo iondoke kwanza, kabla hata ya mashine.

Nyavu nazo usiziache juani. Nailoni huliwa na jua. Mnunuzi mzoefu atashika jicho moja na kulivuta kwa vidole viwili. Likikatika, haendelei kuhesabu.

Katibu_BMU
Karatasi, ndugu zangu. Usajili wa chombo na leseni ya uvuvi ni vitu viwili, hivyo chombo kikishauzwa jina lako liondoke, la sivyo kikikamatwa kikiwa na kokoro, wavu haramu wa kuburuta, utaitwa wewe. Andikeni makabidhiano mbele ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa pwani, na afisa uvuvi apime macho ya nyavu za dagaa kabla hujazitangaza. Kama kuna nyavu za uzi mmoja zile zinazong'aa, hizo haziuzwi, Kanuni za 2009 zimezikataza.

Mzee_Sahare
Marahaba wanangu, nimewaelewa. Mgao nauacha, Mama ameniambia nilichokuwa sitaki kukisikia. Mashua itatiwa kalafati wiki hii na kurudi majini. Mashine nitaiuza peke yake kwa taslimu. Jarife namwekea nahodha mmoja wa Mwambani niliyemfundisha kutega, atalipa kwa bamvua kama alivyosema Nahodha, na tutaandikiana. Nyavu za dagaa zitasubiri afisa. Nanga na makamba nitawapa tu vijana wa hapa pwani, sioni haja ya kuvitolea bei.

FundiMashine_Ngamiani
Mzee, pipa ninalo, na kipimo cha kompresheni pia. Niambie siku, nitakuja Sahare asubuhi. Usiiwashe kavu kabla sijafika.