Mustang mpya kutoka Dubai mpaka Lubumbashi: duane (forodha), plake (namba za gari), vinyeti (kodi ya gari ya kila mwaka) na asiransi (bima)

KijanaWaKamalondo

Jambo wakubwa. Nataka kununua Ford Mustang mpya kabisa Dubai, usukani wa kushoto, niilete Lubumbashi, Kongo (DRC), kwa matumizi yangu mwenyewe. Bado nasita kati ya injini ya lita 2.3 yenye turbo na V8 ya lita 5.0. Muuzaji yuko tayari kuniandikia faktura (ankara) ya nusu bei ili duane isiniumize. Naomba kujua: karatasi gani zianze kabla gari haijapanda meli? Ushuru unahesabiwa juu ya nini? RC, ile bima ya lazima, peke yake inatosha? Kuna mtu pia ananiambia nichukue Afrika Kusini, eti ni karibu.

DeklaranKasumba

Afrika Kusini sahau. Gari za madukani huko zina usukani wa kulia, na kwetu kuingiza usukani wa kulia kumekatazwa. Unaziona zinatembea mjini, ndiyo, lakini usiweke pesa ya gari mpya juu ya huruma ya askari wa barabarani.

Kwa ya Dubai, kosa la kwanza la wengi ni kulipa gari, kupakia, halafu ndipo wanatafuta deklaran, yaani wakala wa forodha. Kwanza omba proforma, yaani faktura ya awali, yenye namba ya shasi. Peleka proforma hiyo benki ikufungulie leseni ya kuingiza bidhaa, ile ya modèle IB. Inapitia guichet unique, mfumo wa dirisha moja wa biashara ya nje. Ukaguzi wa OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, kabla ya kupakia unafuata. FERI, fomu ya taarifa za mzigo ya OGEFREM (ofisi ya serikali ya usafirishaji wa mizigo), nayo itolewe upande wa kupakia. Gari ikifika Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, bila FERI, utaitafuta ukiwa mpakani pamoja na faini, na lori linakuhesabia siku za kusimama.

Kuhusu ushuru: DGDA, ndiyo ofisi ya duane, haihesabu bei ya gari peke yake. Inachukua CIF, yaani bei, bima ya safari na usafiri mpaka mlango wa kuingilia nchini. Kwa hiyo meli ya Jebel Ali, bandari ya Dubai, mpaka Dar es Salaam imo, na lori la Tunduma, Nakonde, Ndola mpaka Kasumbalesa limo pia. Watu wanasahau lori, hesabu ya nyumbani inakataa kulingana na ile ya bulletin de liquidation, karatasi ya hesabu ya duane, basi wanasema wameibiwa.

Juu ya CIF unaweka ushuru wa forodha, na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 inapigwa juu ya jumla ya vyote viwili. Tuchukue mfano wa CIF dola 60.000 na ushuru wa asilimia 10, kwa ajili ya hesabu tu: ushuru 6.000, TVA ni 16% ya 66.000, yaani 10.560. Jumla 16.560, kabla ya OCC na wengine wenye mkono wao. Asilimia yako halisi itatoka kwenye tarifa (orodha ya ushuru) ya mwaka wa kuingiza. Injini ya 2.3 inaingia namba ya tarifa 8703.23, kwa sababu iko kati ya sentimita za ujazo 1.500 na 3.000. V8 inaingia 8703.24. Mwambie deklaran akuhesabie zote mbili kwa maandishi kabla hujachagua.

Faktura ya nusu bei: bei ya Mustang mpya haifichiki. Mhakiki wa DGDA anaitafuta kwenye simu yake kwa dakika mbili. Anapandisha thamani, anaongeza faini, na hapo uhamisho wako wa benki unasema namba moja, faktura inasema nyingine.

MamaAsiransi

Niongeze juu ya hiyo faktura, maana duane ni nusu tu ya shida yake.

RC ni ya lazima, lakini inalipa uliyemgonga. Kwa gari yako mwenyewe hailipi hata taa. Kwa gari ya namna hii omba tous risques, bima kubwa inayolipa na gari yako, na uhakikishe wizi, moto na vioo vimeandikwa kila kimoja kwa jina lake katika mkataba, kwa sababu kuna mikataba inayobeba jina hilo bila wizi ndani. Tazama franchise pia, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Ikiwa ni asilimia ya hasara na ina kiwango cha chini, bampa moja inaweza kumezwa yote.

Sasa faktura. Umeandika 30.000 badala ya 60.000. Kwa mfano wa deklaran hapo juu umeokoa 8.280. Halafu unagonga ukuta, hasara ni 20.000. Ekspati, mkadiriaji wa hasara, anaomba faktura na IM4 (hati ya duane ya kuingiza gari), anaona gari ya 60.000 imepewa bima ya 30.000, anatumia règle proportionnelle: ulilipia nusu ya thamani, unalipwa nusu ya hasara. 10.000, toa franchise. Akiba yote imekwisha kwa ajali moja, tena ajali ya kawaida. Na ukitaja 60.000 kwa asiransi huku IM4 inasema 30.000, umewapa sababu ya kubishana nawe siku ya kulipwa.

Tangu 2019 SONAS, kampuni ya bima ya serikali, haiko peke yake sokoni, kwa hiyo omba bei kwa kampuni tatu hivi, zote ziwe na kibali cha ARCA, msimamizi wa kampuni za bima. Uliza gari ikiibiwa mwezi wa kumi tangu uinunue utalipwa bei ya upya au bei ya sokoni ya siku hiyo. Swali hilo ulize kabla ya kulipa primu (ada ya bima), jibu liwe kwenye karatasi. Ukipenda kwenda Ndola au Lusaka, chukua carte jaune ya COMESA, kadi ya bima ya nchi za jirani, lakini nayo hailipi gari yako.

FundiKatuba

Mimi niseme ya kontena, maana huko ndiko gari mpya inakuwa gari ya zamani.

Mlango wa kontena ya futi 20 una upana wa karibu sentimita 234. Mustang bila vioo vya pembeni ni kama 192. Inabaki sentimita 21 kila upande. Mtu mzima hapiti kwenye mlango uliofunguka sentimita 21, basi dereva wa kupakia anatokea dirishani na mshipi wake unachora rangi. Omba gari ivutwe kwa winchi, au mlangoni kuwe na sponji iliyofungwa. Magurudumu yafungwe kwa mikanda ya kitambaa inayopita juu ya tairi. Mnyororo kwenye mkono wa suspensheni unaupinda, na hutaona mpaka tairi la mbele lianze kuliwa upande wa ndani.

Kufungua hapa Lubumbashi: usikubali mbao mbili fupi. Pua iko chini na plastiki ya chini ya injini inapasuka kwanza. Mbao za mita 3 na zaidi, zenye kitu cha kuzishika katikati. Piga picha ya sili kabla haijakatwa, kisha pembe nne za gari ikiwa bado ndani. Bila picha hizo bima ya safari itasema mkwaruzo ni wa kwako.

Injini: tuko kama mita 1.200 juu ya bahari, V8 isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 12 ya nguvu. Ya 2.3 turbo yake inafidia sehemu kubwa. Sikuambii uache V8, sauti yake haina altitude. Ila ukichukua V8 yenye kifurushi cha Performance Pack, tairi za mbele ni 255/40R19 na za nyuma 275/40R19, hazibadilishani. Weka mbili za akiba ndani ya kontena hiyohiyo, ziandikwe kwenye faktura.

DeklaranKasumba

Ya plake: ukishapata kitansi (risiti) ya duane na bon, karatasi ya ruhusa ya kutoa gari, faili inakwenda DGI, ofisi ya kodi ya taifa, pamoja na IM4, faktura na kitambulisho. Unalipa benki, unapata plake na karte roze (kadi ya gari). Vinyeti ni ya mkoa, unalipa DRHKAT, ofisi ya mapato ya mkoa wa Haut-Katanga, kila mwaka, na inafuata nguvu za kikodi, CV: mpaka 10, 11 mpaka 15, na zaidi ya 15. CV si farasi wa injini. Andikisha kwa jina lako, kampuni inalipa zaidi.

KijanaWaKamalondo

Aksanti sana wakubwa. Faktura itakuwa ya bei kamili. Proforma ya V8 imefika leo, shasi inaanza 1FA6P8TH, na mbele kidogo kuna herufi O. Ni kawaida?

DeklaranKasumba

Hapana, mara mbili. Namba ya shasi haina kamwe I, O wala Q. Hiyo ni sifuri iliyoandikwa vibaya, na ikiingia hivyo kwenye leseni itakufuata mpaka karte roze. La pili ni kubwa zaidi: herufi ya nane ndiyo injini. H ni ile ya 2.3, V8 ya kawaida (GT) inabeba F. Anakuuzia bei ya V8 kwa shasi ya nyingine, au amenakili ya gari ya jirani. Usilipe kitu. Akutumie picha ya namba chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, na picha ya kibandiko cha nguzo ya mlango, zote mbili za leo. Ukizipata tazama na herufi ya kumi: S ni modeli ya 2025, R ni ya 2024. Zikilingana, aandike proforma upya, ndipo uende benki.