Mafundi wa kubahatisha mnaziua Subaru za zamani alafu mnatuambia "ndo zilivyo"

Wakuu leo mnivumilie maana nina hasira na sitazificha. Injini ya Forester yangu imeshushwa tena kwa tatizo lile lile la gasketi za silinda hedi (kile kipande kinachofunika silinda na kubeba valvu) ambalo fundi aliniapia kalimaliza, na nilipomrudia hakutaka hata kufungua boneti, akanijibu tu "hizi Subaru ndo zilivyo, uza uchukue gari nyingine". Kauli hiyo kila mwenye Subaru ya zamani humu ameshaisikia na mimi nasema ni uongo mtupu. Nyingi ya gari hizi zinauliwa na watu wanaofanya kazi kwa kukisia, na leo nayasema yote.

Tuanze na hedi maana ndo kidonda chenyewe. Yangu ni EJ25, yaani injini ya lita 2.5 ya familia ya EJ ya Subaru, ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu) moja kila upande, ile ambayo ikichoka inavuja kwa nje, unaona oili au maji yanachuruzika chini pale hedi inapokutana na bloku. Injini imelala, silinda mbili kushoto mbili kulia, kwahiyo oili na maji vinakaa kwenye ukingo wa chini wa gasketi hata gari ikiwa imezimwa usiku kucha. Hili jambo linajulikana miaka mingi na dawa yake inajulikana: shusha injini, toa hedi zote mbili, zipime, zilizopinda zikachongwe, safisha uso wa bloku, weka gasketi za chuma za matabaka, funga bolti kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Na tulikubaliana hivyo hivyo na huyo bwana. Sasa fundi mwingine kafungua, tumekuta nini? Gasketi imebadilishwa upande mmoja tu, upande wa pili ipo ile ya kiwandani. Hedi iliyofunguliwa haijachongwa, imesuguliwa kwa msasa wa mkono, mikwaruzo unaiona kwa macho, na pembeni kapaka silikoni. Silikoni kwenye gasketi ya hedi jamani! Sehemu inayobana moto wa silinda!

Kikomo cha kupinda kwa hedi kwenye injini nyingi za EJ ni 0.05 mm. Hiyo huwezi kuiona kwa jicho wala kuisikia kwa kidole, hata uwe na uzoefu gani, unaweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, unapitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) kwa chini, unapima kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, basi umemaliza. Hakuna mashine ya ajabu hapo. Msasa wa mkono ndo unaharibu kabisa maana mkono unagandamiza zaidi sehemu moja kuliko nyingine, hedi yenyewe ni aluminiamu laini, unatoka umetengeneza mabonde ambayo hayakuwepo, alafu juu yake unaweka gasketi ya chuma ambayo inataka uso laini kuliko ile ya zamani. Lazima ivuje.

Na bolti nazo. Hedi ya EJ haikazwi mpaka mkono utosheke. Unapaka oili kwenye nyuzi za bolti na kwenye washa, unakaza kwa mpangilio ukianzia katikati, alafu unalegeza digrii 180, unalegeza tena 180, unaanza kukaza upya, na mwisho unamalizia kwa digrii. Namba zinatofautiana injini na injini, ndo maana unafungua kitabu cha injini hiyo hiyo uliyonayo mbele yako. Nilipomuuliza yule wa kwanza alikaza kwa kipimo gani akasema ana uzoefu wa miaka. Uzoefu wa kufanya nini sasa kama spana ya toki hana?

Wenye zile EJ25 za kamshafti mbili kila upande, za nusu ya pili ya miaka ya 90, nyie mnaumia zaidi maana zile mara nyingi hazivuji kwa nje. Gesi ya moto inapenya kutoka silinda inaingia kwenye maji. Gari ikiwa sailensa, yaani imesimama injini inawaka bila kukanyaga mafuta, iko sawa, mjini iko sawa, ukipanda mlima mrefu au ukikimbia safari ndefu geji inapanda, ukisimama ukaangalia kopo la akiba la maji unakuta linatoa mapovu na limejaa uchafu mweusi. Hapo ndo utaona kubahatisha kwa kiwango cha juu: wanabadili rejeta, wanabadili temostati, wanabadili pampu ya maji, wanafunga feni iwake muda wote, kila kitu unalipia wewe, na kumbe kuna kipimo rahisi cha kimiminika cha bluu unachokiweka mdomoni mwa rejeta injini ikinguruma, kikigeuka njano ujue gesi ya moto ipo kwenye maji. Kifaa kidogo cha kushika mkononi! Lakini kubadili vifaa vya mteja ni rahisi kuliko kupima.

Na temostati mnazozitoa na kutupa, nani aliwaambia hiyo ni tiba? Kwenye EJ temostati imekaa chini, kwenye mlango wa pampu ya maji, inafunga na kufungua njia ya maji yanayoingia kwenye injini kufuatana na joto. Ukiitoa gari ikitembea injini haipati joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi inaongeza mafuta, unakunywa petroli na plagi zinakuwa nyeusi, na ugonjwa uliokuwa unachemsha gari upo pale pale. Alafu mkibadili maji hamtoi hewa. Kuna kifuniko kidogo juu kwenye kona ya rejeta kimewekwa kwa kazi hiyo, fungua, jaza taratibu, acha hewa itoke. Injini zimechemshwa na kupindishwa hedi kwa sababu tu ya hewa iliyobaki ndani baada ya mtu kubadili mpira wa rejeta.

Taiming belti, ule mkanda unaounganisha krenki na kamshafti. Hapa naomba kila mtu asome hata kama hajali hayo mengine. Puli ya krenki ya EJ ina mshale na ina alama nyingine ya mstari mdogo kwenye jino la nyuma. Unayopaswa kulinganisha ni ule MSTARI, siyo mshale. Fundi asiyejua anaona mshale anafurahi, anafunga kwa mshale, na EJ25 ni injini ambayo taiming ikikosewa valvu zinagonga pistoni. Unawasha mara moja tu umemaliza valvu. Alafu kuna hawa wanaobadili belti peke yake wanaacha puli na tenshena (kifaa cha kukaza belti) za zamani, ukiwauliza wanasema "bado zinazunguka". Puli ikikamata inakula belti mpya, belti ikikatika hedi zinashuka, na pampu ya maji nayo inazungushwa na belti hiyo hiyo. Ukishafungua huko mbele badilisha vyote. Na tenshena ya haidroli haibanwi kwa nyundo wala kwa haraka, inasimamishwa wima kwenye jiliwa na kubanwa polepole mpaka pini iingie, ukiiharakisha umeua sili ya ndani.

Kuna kosa lingine linaniuma kwa sababu ni la kizembe kabisa. Subaru za otomatiki za zamani, hizi za gia nne, oili ya giaboksi na oili ya difu ya mbele ni vitu viwili tofauti. Kila moja ina nati yake ya kumwagia chini na kila moja ina dipstiki yake. Mtu anaingia chini kubadili oili ya injini anafungua nati isiyo yake, anamwaga difu ya mbele, anapanda juu anajaza oili ya injini juu ya ile ambayo hakuitoa, gari inaondoka na injini imejaa kupita kiasi na difu kavu. Difu inalia, inakufa, na jibu ni lile lile, Subaru giaboksi zake mbovu. Gari ya manyuo ndo difu ya mbele inashea oili na giaboksi, otomatiki HAPANA.

Sasa tairi. Gari inavuta tairi zote nne muda wote. Ukifunga tairi mbili mpya na mbili zimeisha, au saizi tofauti mbele na nyuma, katikati kule panapogawa mvuto wa mbele na nyuma kunafanya kazi saa zote kufidia tofauti, kunachemka. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, kama 6 mm hivi. Watu wanafunga moja mpya tatu kuukuu na wanashangaa gari ikikata kona kali inajivuta kama mtu kashika breki. Na hapo anatokea mjanja anachomeka fyuzi kwenye kile kitundu kilichoandikwa FWD, mvuto wa nyuma unakatika, mteja anaondoka anashukuru. Kile kitundu kimewekwa kwa ajili ya kutembea na tairi ndogo ya akiba kwa muda. Umeficha ugonjwa, hujatibu. Na hizi gari zikiharibika barabarani msizivute kwa kuinua tairi za mbele peke yake huku za nyuma zinaburuzwa chini, beba gari nzima juu!

Nikija kwa wapenda kuongeza nguvu najua mtanuna lakini nasema. Mimi sipingi kubadili gari, ukifanya kwa mpangilio EJ20 (ya lita 2) ya turbo ni injini tamu sana. Ninachopinga ni mtu ananunua Impreza au Legacy ya turbo iliyotembea miaka, hajui belti ilibadilishwa lini, hajapima kompresheni, kitu cha kwanza anafunga valvu ya kutoa upepo nje ili ilie pshiii kila akibadili gia. Ile hewa sensa ilishaihesabu, kompyuta ilishaandaa mafuta yake, wewe unaitupa nje, kwahiyo kila ukibadili gia mafuta yanazidi hewa. Alafu anakata egizosti yote, anaongeza presha ya turbo, programu ya kompyuta haijaguswa, anaendesha hivyo mpaka pistoni zivunjike kwenye mifereji ya ringi, ambapo EJ25 za turbo zinajulikana kuwa dhaifu injini ikianza kugonga kwa moto unaolipuka kabla ya wakati. Na huo mngurumo mnaoutafuta kwa kukata mabomba unatoka kwenye manifoldi (mabomba ya moshi yanayotoka kwenye hedi) zenye urefu usiolingana, kwenye nyingi ulikuja nao kutoka kiwandani.

Kabla hujaongeza chochote kwenye turbo za miaka ya 2000 zenye mfumo wa kubadili taiming ya kamshafti, fungua bolti ya bomba la oili linaloenda kwenye turbo, ndani mna kichujio kidogo cha wavu. Kikiziba turbo inakosa oili, inakatika, na vipande vya chuma vinaingia kwenye oili vinakula beringi za krenki. Mafundi wengi hata hawajui kipo, wanafunga turbo mpya juu ya kichujio kilichoziba na ile mpya nayo inakufa, mteja anauziwa ya tatu. Mliowahi kufungua mkakuta kimeziba wekeni picha hapa chini na mtaje ni injini gani na imetembea kilomita ngapi, na mliopima hedi zenu mkapata namba wekeni namba, ili mtu akienda gereji akaambiwa "hizo ndo zilivyo" awe na cha kumwonyesha fundi.