Mjadala: Je, matamasha ya fasihi ya Waaborijini yaendeshwe na wenyewe peke yao?

Mtoa mada:

Ndugu zangu, naweka mezani hoja inayobishaniwa hapa Australia, na ninaomba tuijadili kwa utulivu. Wapo wanaosema kwamba matamasha ya fasihi ambayo Waaborijini, wenyeji asilia wa nchi hii, huyaandaa kwa ajili ya waandishi na wasimulizi wao yamepitwa na wakati, kwa kuwa waandishi hao sasa wanatwaa tuzo kubwa za taifa, na kwamba fedha za umma zingefaa kwenda kwenye matamasha ya jumla. Mimi sikubaliani nao. Msimamo wangu ni kwamba jukwaa, kipaza sauti na mkataba vinapaswa kubaki mikononi mwa wenye hadithi, hata pale ambapo wasikilizaji wote ni wageni.

Kinachonifanya nishikilie hivyo ni yaliyompata David Unaipon, mwandishi Mwaborijini wa watu wa Ngarrindjeri, aliyezaliwa mwaka 1872 katika misheni ya Point McLeay, Australia Kusini. Katika miaka ya 1920 alikusanya hadithi za kale, akaziandika kwa Kiingereza fasaha na kuziuza kwa wachapishaji wa Sydney. Wachapishaji wale wakamuuzia haki za hadithi hizo daktari mmoja, William Ramsay Smith, naye mwaka 1930 akazitoa London kwa jina lake mwenyewe, bila kumtambua Unaipon kuwa ndiye mwandishi. Unaipon alifariki mwaka 1967. Sura yake iliwekwa kwenye noti ya dola 50 mwaka 1995, ilhali kitabu chake kilisubiri hadi mwaka 2001 ndipo kikatoka kikiwa na jina lake. Naumia kila ninapoutazama mfuatano huo wa miaka.

Ama kuhusu tuzo, ni kweli kwamba Melissa Lucashenko alitwaa ile ya Miles Franklin, tuzo kubwa ya riwaya ya Australia, mwaka 2019, Tara June Winch mwaka 2020, na Alexis Wright mwaka 2007 na tena mwaka 2024. Lakini tuzo hiyo ilianza kutolewa mwaka 1957, na Mwaborijini wa kwanza kuipata, Kim Scott, aliipata mwaka 2000, tena kwa kugawana na mwenzake. Isitoshe, tuzo hupima kitabu. Haina namna ya kumpima bibi wa majangwa ya kati anayesawazisha mchanga kwa kiganja, akachora kwa kidole alama za nusu duara kuonyesha watu walioketi, akasema na kuimba huku mikono yake ikitoa ishara, kisha akafuta vyote na kuanza tukio jingine juu ya mchanga uleule. Hiyo ni fasihi kamili. Katika matamasha ya jumla niliyohudhuria, wazee wa namna hii huitwa kufungua shughuli kwa dakika chache, kisha jukwaa hukabidhiwa wenye vitabu.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa mada, nakuheshimu, lakini kuna upande umeuacha. Magabala, kampuni ya uchapishaji ya Waaborijini wenyewe huko Broome, ilitoa mwaka 1994 kitabu cha maisha ya Wanda Koolmatrie, aliyedaiwa kuwa mwanamke wa Pitjantjatjara, jamii mojawapo ya Waaborijini, na kitabu hicho kikapewa hata tuzo ya waandishi wanawake. Mwaka 1997 ikabainika kwamba aliyekiandika ni Leon Carmen, mwanamume mzungu. Ikiwa wenyewe walidanganywa, usimamizi wao unalinda nini? Tena mimi nimekuja nchi hii nikiwa mkimbizi kutoka Kivu. Nikiambiwa shughuli ni ya wenyewe tu, nitawafahamu lini watu ambao ninaishi juu ya ardhi yao?

Mtoa mada:

Ahsante, ndugu yangu. Naomba tutenganishe kuendesha na kuhudhuria. Tamasha la Blak & Bright, lililoanza Melbourne mwaka 2016, huongozwa na wenyeji asilia, na anayetaka kusikiliza hukaribishwa. Hata kabla ya hapo, Oodgeroo Noonuccal, aliyetoa mwaka 1964 kitabu cha kwanza cha mashairi cha Mwaborijini, alirudi kisiwani kwao Minjerribah katika miaka ya 1970, akaanzisha kituo cha Moongalba na kuwapokea maelfu ya watoto, weusi kwa weupe, akiwafundisha na kuwasimulia hadithi. Mwenyeji alikuwa yeye, na mgeni hakufungiwa mlango. Wewe wa Kivu ungekaribishwa pale kuliko ukumbi wowote wa mjini.

Kuhusu Koolmatrie, naona mfano wako unaniunga mkono. Mwandishi huyo alipita kwa sababu alifika kwa karatasi. Kwa miaka ile hakuna aliyewahi kuketi naye, kwa kuwa hakuwapo. Kwenye mkusanyiko wa jamii, jambo la kwanza mtu kuulizwa ni ukoo wake na ardhi ya wazee wake, na wa kulithibitisha jibu lake wameketi palepale.

Lililo zito zaidi kwangu ni haki ya kutosimulia. Zipo hadithi za wanawake peke yao, zipo za waliopitia jando, na zipo za ardhi ambayo msimulizi hana mamlaka ya kuisemea. Mwandaaji asiyeyajua haya, hata akiwa na nia njema kabisa, anaweza kumsukuma mzee atamke hadharani yasiyotamkwa, na kesho yake yakawa kwenye intaneti, ambako hakuna wa kuyarudisha.

Mchangiaji wa pili:

Hapo kwenye kurekodi ndipo ningependa tukae zaidi, kwa sababu mimi hufanya kazi ya maktaba na fomu za ruzuku hupitia mikononi mwangu. Mfadhili hutaka video ili aonyeshe kwamba fedha imetumika, na msimulizi huletewa karatasi ya kusaini akiwa tayari ameshashika kipaza sauti. Huko si kuridhia. Ningependekeza mkataba usomwe siku kadhaa kabla, pamoja na familia yake. Rekodi iwe mali yake. Maktaba ipewe nakala akitaka. Na ruzuku isikatwe akikataa. Mtoa mada, je, wewe ungekubali fedha ya halmashauri ipokewe bila masharti hayo?

Mtoa mada:

Nisingekubali. Ni afadhali tamasha liwe dogo, chini ya mti, bila kamera.