"Picha ipo, sauti ipo, sasa wewe ulitaka vikutane?" Huyu mhamisha DVD wa kituoni atanipeleka jela

Kiazi Kikuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikirukaruka mnivumilie. Nimetoka kwake sasa hivi, hata viatu sijavua.

Mnamjua. Simtaji jina, wasimamizi watanifungia, na wala hana haja ya kutajwa. Yule wa kibanda cha bluu pale kituoni, spika mbili nje zinapiga nyimbo mbili tofauti kwa wakati mmoja, bango lake TUNAINGIZA NYIMBO, TUNAHAMISHA DVD KWENDA SIMU, PASPOTI SAIZI DAKIKA 5. Yule yule. Kibodi yake ina punje za mahindi ya kuchoma zimekaa kati ya A na S tangu awamu ya nne.

Ndoa yangu ni ya 2009. Mpiga video alitukabidhi DVD 3: sendofu, kanisani, ukumbini. Deki ilishakufa, na laptop za siku hizi hazina hata mdomo wa kulishia diski. Sasa mama mkwe kaja Ijumaa kutoka Songea, na tangu ashuke kwenye basi kaomba kitu kimoja tu: "Baba, nataka nimwone mzee wangu kwenye ile harusi." Baba mkwe alishatangulia mbele ya haki, na kanda ile ndiyo mahali pekee anapotembea na kucheka.

Nikampelekea jamaa. Elfu 5 kila diski, jumla elfu 15. Akazipokea kwa mkono wenye mafuta, akazipuliza kama mtu anapoza uji, akazifuta kwenye paja la jinzi kwa kuzungusha. Roho ikaniuma lakini nikanyamaza, fundi ni fundi. Akasema njoo kesho. Kesho nikapewa memori kadi.

Leo mchana tumekaa sebuleni. Mama mkwe kwenye kiti kikubwa, mashemeji wawili, na jirani ambaye mke wangu kamwita kwa mbwembwe. Soda mezani. Nikaunganisha simu na TV.

Kwanza wote tumenenepa. Mke wangu aliolewa ana kilo 52, lakini hapo anaingia kanisani kama friji limevishwa shela. Akanigeukia akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemvuta kwa pembeni. Sawa, nikameza.

Sasa ngoja nifike pale. Padri ananigeukia. Namwona anauliza. Najiona mimi, kijana wa suti ya kukodi, nafumbua mdomo kusema "nakubali", na kinywani mwangu inatoka sauti ya katekista: "MWENYE NOAH NYEUPE AJE AITOE, IMEZIBA NJIA."

Mke wangu naye anafumbua mdomo, machozi yanamlengalenga: "NARUDIA, NOAH NYEUPE."

Sebule nzima kimya. Mama mkwe akauliza taratibu, "Kwani mliapishwa kwa gari?"

Halafu akatokea mzee. Na juu ya paji lake la uso kuna maandishi makubwa meupe ya ile programu, ya kusema hili ni toleo la majaribio. Hayaondoki. Mzee anacheka, maandishi yapo. Mzee anamkumbatia binti yake, maandishi yapo. Mama mkwe akainuka, akasogea mpaka kwenye TV, akawa anafuta kioo kwa pembe ya khanga. Alidhani ni uchafu.

Nikatoka hapo na kandambili moja yangu na moja ya shemeji. Nimefika kibandani, hata mahindi hakuweka chini.

"Bro, picha ipo?"
Ipo.
"Sauti ipo?"
Ipo.
"Sasa wewe ulitaka vikutane?"

VIKUTANE, wakuu. Kama vile naomba anasa. Kama vile nimeagiza chips nikadai na kuku wa bure. Na akaongeza, naapa hii siongezi chumvi: "Hiyo ya kukutana ni elfu 3 juu."

Ulitaka vikutane! Miaka yote nimeishi duniani nikidhani picha na sauti ni ndugu, kumbe ni huduma ya ziada.

---

Siti ya Dirishani

Nimewahi siti. Mwenye Noah nyeupe aje aitoe nikae vizuri.

---

Mzee wa Kahawa Tungu

Pole sana mkuu. Ila kwa ushahidi uliopo nyinyi hamjaoana. Mmeegesha tu.

---

Binti wa Tandika

Heee huyu si ndiye aliyenihamishia kipaimara cha mwanangu! Alichofanya kaingia kwenye diski, kachukua faili vilevile lilivyo, kafuta herufi za mwisho kaandika mp4. Basi. Kazi imeisha, elfu 5 yangu imeenda. Nafungua, simu inaniambia haiwezi. Nimemrudishia anasema "dada, simu yako haijasoma." Haijasoma! Kwani iliishia la saba?

---

Kiazi Kikuu

@Binti wa Tandika umeona sasa? Ni yule yule. Hana haya. Mimi kaniuliza kama nilitaka vikutane.

@Mzee wa Kahawa Tungu, mzee nakuheshimu, usinitafute.

---

Fundi Kimya

Mkuu, hapo hakuna uchawi. Kanda za harusi zetu nyingi ni PAL, yaani mfumo wa video wa fremu 25 kwa sekunde, picha 720 kwa 576. Jamaa kaiacha programu yake kwenye fremu 24. Picha ikapunguzwa mwendo, sauti ikaachwa ikimbie na mwendo wake. Kila dakika moja ya kanda, picha inabaki nyuma sekunde 2 na nusu. Kiapo kama kilikuwa dakika ya 40, sauti imeshatangulia dakika 1 na sekunde 40. Kwa hiyo lile tangazo la Noah lilikuja dakika moja na ushee baada ya nyie kukubaliana. Ukiangalia mpaka mwisho utakuta sauti imeisha na picha bado inaendelea.

Kunenepa ni kwamba kanda ni ya 4 kwa 3, yeye kailazimisha ijae kioo cha 16 kwa 9. Maandishi ni programu ya kulipia inayotumiwa bila kulipiwa.

Na wala hakuhitaji kuiba. Kuna HandBrake, programu ya kuhamisha video, ya bure, haimwandiki mtu usoni. Unaipa folda nzima ya VIDEO_TS iliyomo kwenye diski, usiilishe mojamoja yale mafaili ya VOB yaliyo ndani yake, maana kila VOB inaishia kwenye GB 1 na ukija kuziunga ndiyo sauti inaanza kutangatanga. Unachagua MP4 ya H.264. Sauti weka AAC, ile AC3 ya DVD simu nyingi hazina mpango nayo, utaona watu wanapiga midomo kimya. Fremu acha iwe sawa na chanzo. Washa ile sehemu ya kuondoa mistari, ile inayotokea kama meno ya chanuo mtu akitembea. DVD ya harusi haina kufuli kama muvi za dukani, kwa hiyo haisumbui. Saa moja ya kanda inaweza kukutoka chini ya GB 1 na uso wa mzee ukaonekana vizuri kabisa.

Tafuta tu mtu mwenye deki ya nje ya kuchomeka kwa USB. Diski zenyewe ziko salama?

---

Kiazi Kikuu

Ni kweli!! Mwisho wa ile ya ukumbini sauti ilikata, tukawa tunacheza bila muziki, kamati nzima inarusha mikono kama watu wanafukuza nzi. Dakika mbili na zaidi. Shangazi kaserebuka mpaka chini, kimya kabisa.

Asante fundi. Kuhusu diski

Ngoja.

---

Siti ya Dirishani

Usituambie.

---

Kiazi Kikuu

Diski zote 3 nimeziacha kwake. Kwa hasira nilipiga meza nikaondoka.

---

Mzee wa Kahawa Tungu

🤣🤣🤣 Mkuu, mtu yupo, diski ipo. Sasa wewe ulitaka vikutane?

---

Hana Koti

Nimesoma nusu. Hii chai. Nani bado ana DVD? Na mama mkwe gani anaangalia harusi mchana wa Jumapili badala ya kupumzika? Leta picha ya kibanda.

---

Binti wa Tandika

@Hana Koti wewe kwa kuwa kwenu hakuna aliyeoa unadhani wote ndivyo walivyo.

---

Pwani Moja

Bwana wee, hao wako kila mahali. Huku Mombasa mimi nilimpa mmoja kanda ya harusi ya dadangu, akanirudishia memori kadi imejaa taarabu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bibi harusi hayumo. Bwana harusi hayumo. Nikamuuliza, mbona harusi siioni? Akanambia, "Si umesikia ngoma?"

---

Kiazi Kikuu

@Pwani Moja wamesoma chuo kimoja. Hiyo "si umesikia ngoma" na hii yangu ya "ulitaka vikutane" mwalimu wao ni mmoja.

---

Mjukuu wa Mwalimu

Nyie mnalalamikia wahamishaji, mimi nina hasira na wapiga video wenyewe. Harusi yangu ina dakika 11 za pilau. Nimehesabu. Kamera inaingia kwenye sufuria, inatoka, inarudi. Nyama moja imeonekana kuliko baba yangu mzazi. Halafu kila akituonyesha sisi anaweka yale maua yanayodondoka na mioyo inayozunguka, unajiona unatazama watu wawili kupitia dirisha la duka la kadi.

---

Jirani Mpole

Afadhali pilau. Wa kwetu alilewa. Kuanzia saa 4 usiku ni dari tu na sauti ya MC.

---

Kisigino

Na wale wa kusafisha diski kwa dawa ya meno je? Fundi mmoja aliniambia mkwaruzo unatoka kwa dawa ya meno, kaipiga mswaki, kaisuuza, kaianika. Ilipoingia kwenye deki ikatoa sauti kama blenda ya juisi ya miwa na haikutoka tena. Nina deki inanuka minti mpaka leo.

---

Fundi Kimya

Dawa ya meno inaweza kulainisha mkwaruzo mdogo upande wa chini ukifuta kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Kuzungusha kama alivyofanya yule kwenye jinzi ndiyo kunaua, mkwaruzo unafuata njia ya data. Mwanzisha uzi, kazifuate hizo diski leo. Nakala unaweza kurudia hata mara kumi, diski ikiharibika basi tena.

---

Kiazi Kikuu

Naenda. Mama mkwe kauliza tena kama ule uchafu wa usoni umetoka.

---

Hana Koti

Swali la msingi ambalo hakuna aliyeuliza: hiyo Noah ilitolewa?

---

Siti ya Dirishani

@Hana Koti hatimaye umeandika kitu cha maana humu jamvini.

---

Mchaga wa Mjini

Wakuu habari. Nimepitia uzi wote. Harusi ilikuwa 2009, mwishoni mwa mwaka, kanisa lenye ngazi nyingi na mwarobaini pembeni? Katekista mwembamba, sauti nzito?

---

Kiazi Kikuu

Ndiyo?? Umejuaje? Nipo kwenye bodaboda.

---

Mchaga wa Mjini

Noah ilikuwa yangu. Nilileta wapambe upande wa bibi harusi. Na sikuziba njia, kulikuwa na nafasi ya kupita kabisa, aliyeshindwa kupita ndiye alikuwa hajui kuendesha. Hili jambo limeniuma miaka yote, katekista katangaza mara mbili mbele ya watu.

---

Mzee wa Kahawa Tungu

JAMANI. Sogezeni viti.

---

Jirani Mpole

Kama waliweza kupita kwa nini akatangaza mara mbili? Wenye Noah mna tabia ya kuegesha kama mmeshuka na parachuti.

---

Mchaga wa Mjini

Wewe unaendesha nini?

---

Jirani Mpole

Napanda mwendokasi kwa amani.

---

Mjukuu wa Mwalimu

Noah za zamani zilikuwa gari bwana. Wapambe 8, keki, na mashada ya maua. Sasa hivi watu wanakodi magari ya kifahari wanabaki wanadaiwa na kamati.

---

Kiazi Kikuu

Nimefika. Kibanda kimefungwa. Nimechungulia kwenye upenyo wa mlango, naona diski moja. Ameiweka juu ya ndoo ya maji na juu yake pana gunzi. Siwezi kusoma kama ni ya kanisani au ya ukumbini. Kuna mtu ana namba yake? Mtu yeyote?

---

Kisigino

@Mchaga wa Mjini bado unayo hiyo Noah?

---

Mchaga wa Mjini

Ninayo. Injini haijaguswa.

---

Kiazi Kikuu

Jamani uzi huu unahusu DVD.

---

Kisigino

Ya mwaka gani, na karatasi zake ziko sawa?